Kipini ya Mirihi na Kipini ya Tana

Nilikwenda Kibugu kwa shughuli ya posa, nikarudi na habari za sayari ya Mirihi. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nimegeuka mnajimu uzeeni. Mpwa wangu, kijana wa Mombasa afanyaye kazi Nairobi, amepata mchumba wa Embu, na jamaa wakaona si vyema posa ya mbali namna ile ipelekwe na vijana watupu. Ikatakiwa mtu mzima wa kusema maneno, na mtu mzima huyo nikawa mimi. Basi mwezi wa Desemba 2025 tukaondoka, tukalala Nairobi, asubuhi tukashika njia ya Thika na Makutano mpaka Embu mjini. Kutoka hapo gari likaanza kupanda kuelekea Mlima Kenya, kahawa huku na chai kule, mpaka tukafika Kibugu. Habari ya posa yenyewe ni ya watu wa ndani, siiandiki hapa; itoshe kusema kwamba tulipokewa kwa heshima na tukashiba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvaa kanzu nyeupe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo wa Kibugu ni mwekundu kama tofali, ukishika nguo hauachi. Nilipofika mlangoni upindo wa kanzu ulikuwa umekwisha kubadilika rangi. Mzee mwenye nyumba, mwalimu mstaafu alimaye kahawa, akacheka akasema, "Karibu, mkwe. Huo ni udongo wa mlima, umekusalimu." Mjukuu wake wa miaka 15, aliyekuwa akileta viti, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wekundu ule ni chuma kilichoshika kutu, na kwamba ndio wekundu wa Mars.

Nilidhani ni maneno ya kukariri shuleni. Lakini baada ya chakula, watu walipokuwa wakinyoosha miguu, kijana akanijia na daftari mkononi. "Babu, wewe ni wa pwani. Umewahi kufika Kipini?"

"Nimefika mara nyingi. Kwani una jamaa huko?"

"Hapana. Niliiona kwenye ramani ya Mars, wakaandika ni mji wa Kenya. Nikamwuliza mwalimu wangu, naye hakuijua."

Nikabaki mdomo wazi. Na kweli iko. Wanafalaki wana desturi ya kuyapa mashimo mengi ya Mirihi, yale yaliyochimbwa na vimondo zamani za zamani, majina ya miji midogo na vijiji vya dunia. Na mojawapo la mashimo hayo limepewa jina la Kipini, mji wetu mdogo ulioko pale Mto Tana unapoingia baharini. Mtoto wa Kibugu aliijua Kipini ya mbinguni kabla hajaijua ile ya Kenya. Na ajabu zaidi ni hii: maji anayoyavuka kila asubuhi akienda shule huenda Kipini. Vijito vya upande ule huteremka Rupingazi, Rupingazi huingia Thiba, Thiba huingia Tana, na Tana haina safari nyingine ila ya Kipini. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama mtu aliyeambiwa ana ndugu asiyemjua.

Daftari lake lilikuwa na safu tatu: tarehe, mita, na maelezo. Mita hizo ni za kigari cha Wamarekani kiitwacho Perseverance, ambacho kimekuwa kikitembea juu ya Mirihi tangu 18 Februari 2021. Kila apatapo simu ya babu yake na bando dogo, huangalia kimefika wapi, huandika. Nikamwambia kwamba kwa Kiswahili sayari hiyo ni Mirihi. Akafikiri kidogo, akasema jina hilo alilikuta katika orodha ya msamiati wa Kiswahili, akalikariri kwa mtihani pamoja na Zuhura na Zuhali, ila hakuna aliyemwambia kwamba Mirihi ya kitabu cha Kiswahili ndiyo Mars ya kitabu cha sayansi. Alidhani ni vitu viwili! Simlaumu mtoto. Tumezifundisha elimu mbili katika vyumba viwili, na mlango wa kati tumeufunga.

Sisi tuliopitia chuoni, Mirihi tuliisikia kwa njia nyingine. Katika elimu ya nyota ya wazee, Mirihi ndiyo nyota ya Jumanne, nyota ya moto, damu na vita, mwenziwe Zuhali katika nuhusi. Wako watu wazima niliowajua waliokataa kufunga ndoa au kuanza safari siku hiyo kwa ajili yake. Maalim wangu hakuyapenda mambo hayo. Akitwambia kwamba kuzisoma nyota ili nahodha ajue njia, au ili mtu ajue kibla na wakati wa sala, ni elimu. Kuzisoma ili umwambie mtu riziki yake ni uongo na wizi. Nimemkumbuka sana pale Kibugu, kwa kuwa kijana yule, bila ya kumjua, alikuwa mwanafunzi wake: aliiangalia nyota akaandika alichokiona, basi.

Tukitazame sasa hicho kigari. Si cha kwanza. Wamarekani walifikisha kidogo sana kiitwacho Sojourner mwaka 1997. Mwaka 2004 wakafikisha viwili, na kimoja, Opportunity, kilichotengenezwa kwa kazi ya siku 90, kikadumu mpaka Juni 2018, kikaenda kilomita 45 kabla tufani la vumbi halijaziba jua na kukinyima umeme. Curiosity kilitua Agosti 2012 na hakikuhitaji jua, kwa kuwa hupata umeme wake kutokana na joto la plutoni. Perseverance ni ndugu yake mdogo: uzito wake ni zaidi ya kilo 1,000, kina magurudumu sita, kamera 23, mkono wa kuchimbia mawe. Mwendo wake ni wa kuchekesha. Kikikimbia kwa nguvu zake zote hakipiti mita 152 kwa saa. Bibi mwenye fimbo atokaye Kibokoni kwenda sokoni angekiacha nyuma. Hata hivyo, mwisho wa mwaka 2025 kilikuwa kimekaribia kilomita 40.

Kijana aliniuliza nadhani ni nani anayekiendesha. Hakuna aliyeshika usukani. Habari ikitoka duniani hadi Mirihi, nayo yaenda kwa mwendo wa mwanga, huchukua baina ya dakika 3 na 22 kwa kadiri sayari hizi mbili zilivyo mbali siku hiyo. Ukiona jiwe mbele ya gurudumu, umechelewa. Basi huko California huandikwa maagizo ya kazi ya siku nzima, yakapelekwa, kisha waandishi wakaenda kulala; na kigari chenyewe hujitazamia njia, kikakwepa mawe kwa akili kilizopewa. Nilimweleza kwamba babu zetu waliijua biashara ya namna hii. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyetaka neno na mwenzake wa Maskati alimpa nahodha barua jahazi likiondoka na kusi, na jibu akalingoja kaskazi ivume. Alilazimika kuandika barua yenye kila jambo, na "ukiona hivi, fanya vile". Tofauti ni kwamba barua hii inakwenda mamilioni ya kilomita na inafika kabla chai haijapoa.

Siku ya Mirihi ni ndefu kuliko yetu kwa kiasi cha dakika 40. Miezi ya mwanzo baada ya kigari kutua, wafanyakazi wake waliishi kwa saa za huko, kila siku wakichelewa kulala dakika 40, mpaka usiku ukawa mchana na mchana usiku. Na Mirihi ina miezi miwili, yote midogo. Mmoja wao, Phobos, huizunguka sayari kwa saa saba na nusu hivi, kasi kuliko sayari yenyewe inavyojizungusha. Kwa hiyo huchomoza magharibi na kutua mashariki, na katika siku moja unaweza kuuona ukipita zaidi ya mara moja. Mpwa wangu akadakia, "Ami, huko Idi wangeisali lini?" Sikuwa na jibu. Sisi ambao mwezi mmoja tu hutugawa kila mwaka mtaa kwa mtaa, tushukuru tulivyowekwa hapa.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya si mwendo wala miezi, ni mto.

Mahali kigari kilipotua paitwa Jezero. Ni shimo la duara lenye upana wa kilomita 45, na jina ni la mji mdogo wa Bosnia. Katika lugha za huko neno hilo maana yake ni ziwa. Jina limelingana na mahali, maana hapo palikuwa na ziwa kweli, zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita, Mirihi ilipokuwa bado na maji ya kutiririka. Mto uliingia ziwani, na pale ulipoingia ukatupa mchanga na tope lake, likajikunjua kama kiganja kilichofunguliwa vidole. Bonde la mto huo limepewa jina la Neretva. Wasomaji wa rika langu watalikumbuka jina hilo kwa huzuni: ni mto uliopita chini ya daraja la kale la Mostar, lililopigwa mizinga mwaka 1993 likaanguka, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2004.

Kijana alinionyesha picha ya kiganja kile cha Jezero iliyopigwa kutoka juu. Kisha akafungua atlasi yake kuukuu na kuweka kidole juu ya Kipini. Hakusema neno. Mtu aliyepita Ozi, Kau na Kipini, akaona jinsi Tana inavyogawanyika na kulala lala kabla ya kufika Ghuba ya Ungwana, hahitaji maelezo.

Julai 2024, ndani ya bonde lile la Neretva, lenye upana wa kiasi cha mita 400, kigari kikakuta jiwe jekundu lenye madoa meupe yaliyozungukwa na weusi. Wataalamu wakayaita madoa ya chui. Kikatoboa, kikachukua kipande, kikakifunga. Jiwe lenyewe ni tope la zamani lililoganda, na ndani yake mna kaboni ya aina inayohusiana na viumbe, na katika madoa mna dalili za madini mawili ya chuma: moja lenye fosforasi na jingine lenye salfa. Tarehe 10 Septemba 2025 wataalamu wakatoa taarifa yao baada ya kukaguliwa na wenzao, wakasema kwamba huenda hii ikawa alama ya viumbe vidogo vya kale.

Nisaidie, msomaji wa pwani, kulieleza hili bila maneno makubwa. Umewahi kukanyaga tope la mikokoni maji yakitoka? Ukivuta mguu hutoka jeusi, na harufu yake ni ya yai bovu. Weusi ule ni chuma kilichokutana na salfa, na aliyewakutanisha ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula majani yaliyooza humo topeni mahali hewa haifiki. Basi wataalamu walipoona chuma na salfa, na kaboni, ndani ya tope la mto wa kale, walijiuliza kama na huko Mirihi aliyewakutanisha ni kijidudu. Ni swali zuri. Lakini madini hayo yanaweza kukutana kwa njia nyingine pia, bila ya chochote chenye uhai, na wenyewe wamelisema hilo waziwazi. Nawashangaa waandishi wenzangu wa magazeti mbalimbali walioandika kwa herufi kubwa kwamba maisha yamepatikana. Hayajapatikana. Wapo nao waliosema barazani kwamba yote ni filamu iliyopigwa jangwani. Watu hawa wawili, aliyeamini kabla ya ushahidi na aliyekataa kabla ya ushahidi, wametoka chuo kimoja.

Ushahidi wenyewe uko wapi? Hapa ndipo penye uchungu. Kigari kilipewa mirija 43 ya chuma, kila mmoja mnene kiasi cha kidole, ya kutia mawe na udongo. Mirija kumi kiliilaza chini, baina ya Desemba 2022 na Januari 2023, mahali palipoitwa Three Forks, kama mtu awekaye akiba. (Kijana alicheka kwa jina hilo, maana mabwawa ya Tana yaliyo chini ya nyumbani kwao, kutoka Masinga hadi Kiambere, yanaitwa Seven Forks.) Mengine, pamoja na kipande cha jiwe la madoa ya chui, kinayo tumboni. Shabaha ilikuwa kwamba chombo kingine kiende kuileta mirija hiyo duniani, ipasuliwe katika maabara. Mwaka 2023 wakaguzi wakasema gharama yaweza kufika dola bilioni 11. Mwaka 2024 shirika lenyewe, NASA, likakiri kwamba ni ghali mno na kwamba kwa mpango ule mirija isingefika kabla ya 2040. Mwaka 2025 serikali ya Washington ikapendekeza katika bajeti yake kwamba mpango huo ufutwe. Wachina nao wametangaza kwamba watapeleka chombo chao kiasi cha mwaka 2028 kuleta udongo wa Mirihi, ingawa si kutoka Jezero.

Kwa hiyo jibu la swali kubwa kuliko yote limefungwa vizuri katika chuma, limepewa namba, limewekwa pale, na hapana ajuaye nani atalifuata. Mzee mwenye nyumba, aliyekuwa akisikiliza huku amefumba macho, alisema, "Ni kama kahawa yetu. Umeichuma, umeipeleka kiwandani, umepewa risiti. Halafu unangoja."

Usiku ule nilitunga ubeti mmoja, nikauandika nyuma ya daftari la kijana kwa idhini yake:

Mirihi nyota ya shari, tulivyosoma chuoni,
Leo latembea gari, na dereva yu nyumbani,
Nasi twangoja habari, wageni wa barazani,
Na Kipini ya bahari, haijui ya mbinguni.

Mzee akausoma, akauliza kwa nini nimesema wageni wa barazani. Nikamjibu kwamba mgeni wa barazani husikia vicheko vya ndani na kunusa pilau, lakini hajui kinachosemwa. Akasema hakubaliani nami. Alinikumbusha Ngomeni. Nami mtu wa pwani nikaona haya kukumbushwa Ngomeni na mtu wa Embu!

Alisema kweli. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini, na kutoka hapo satelaiti zilirushwa baina ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya saba ya uhuru, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchungulia miali ya eksirei itokayo katika nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Habari zilizoletwa na Uhuru ziliwasaidia wataalamu kulitambua shimo jeusi la Cygnus X-1. Jina la lugha yetu limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima. Lakini mvuvi wa Ngomeni aliyeona moto ukipaa alifaidi nini zaidi ya kuona moto? Na mwanawe alisomeshwa? Shirika la anga la Kenya limeanzishwa mwaka 2017, na satelaiti yetu Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023, tena kutoka California, si Ngomeni. Jirani zetu wa Ghuba, ambao wazee wetu waliwauzia boriti kwa ajili ya mapaa ya nyumba zao, walifikisha chombo chao Al-Amal kwenye mzingo wa Mirihi tarehe 9 Februari 2021, siku tisa kabla ya kigari hiki kutua. Sisemi hivi kwa wivu. Wao mafuta wanayo. Lakini pia waliwapeleka vijana wao wakafundishwa na waliojua, na kazi wakaifanya wao.

Asubuhi mzee alinichukua hadi kijitoni. Maji yalikuwa baridi na meupe, yakipita juu ya mawe meusi ya mlima. Aliniuliza yakifika kwetu yako namna gani. Nikamwambia: mekundu, yakiwa yamebeba shamba lako. Na nikamwambia lililobaki, kwamba njiani yanageuza mitambo ya umeme ya Seven Forks, mingine tangu Kindaruma ya mwaka 1968. Kwamba kijito kingine cha Tana kinainywesha Nairobi. Na kwamba mwaka wa ukame, mto ukifika kwetu umenyong'onyea, bahari hupanda kuulaki. Huko Ozi chumvi imeingia mashambani, miembe na minazi ikafa imesimama, na watu wakaacha kulima mpunga. Mwaka wa mvua nyingi, kama 2024, ni kinyume chake: mto hubeba nyumba na vijiji. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba tangu azaliwe hakuna mtu wa chini aliyewahi kupanda kuja kumwambia habari hizi, wala yeye hakuwahi kuuliza.

Kijana alikuwa nyuma yetu. Akauliza, "Mto wa Jezero ulikauka kwa sababu gani?" Nikamweleza nilichosoma: Mirihi ni ndogo, ilipoteza ngao yake ya sumaku, na upepo wa jua ukaipeperusha hewa yake kidogo kidogo, mpaka maji hayakuweza tena kukaa juu ya ardhi. Hakuna aliyekosea huko, hakuna aliyekuwepo wa kulaumiwa. Akaniuliza tena, "Na hii ya Ozi?" Babu yake akamjibu kabla yangu, kwa Kiembu, maneno mafupi ambayo sikuyafahamu, na sikuomba nitafsiriwe.

Tulipoagana kijana aliniomba kitu kimoja. Alitaka tope la Kipini, alitazame kwa darubini ya shule yao, aone kama lina weusi niliousema, alilinganishe na tope la kijito chao. Nimemwahidi chupa mbili, moja ya tope na moja ya maji, zikiwa na tarehe na namba, kama afanyavyo Perseverance. Wiki ijayo nakwenda Lamu kwa shughuli nyingine, na nitashuka Witu nishike njia ya Kipini. Chupa ninazo tayari. Kondakta wa basi amekwisha kuniuliza ni za asali au za samli, nikamwambia aniwekee mahali pa kurudia, nitamweleza zikijaa.